Mtu Asiye na Mashemeji

Tulikuwa kumi na mmoja chumbani kwa Cibalonza, Kadutu,
mvua ikipiga mabati hata maneno ya sheria
ikabidi niyasome kwa kupaza, kama muuza sambaza.
Mezani: rasimu ya katiba, kurasa tisa,
kibatari, maana umeme ulikwenda tangu Jumanne,
na kidau cha wino kwa ajili ya vidole.

Kifungu cha kwanza: "shirika lisilo la faida".
Nsimire akaweka sindano chini.
"Bila faida? Nashona sare tangu Januari,
nawaambia watoto kesho tutakula nyama,
nawe umetuandika kwamba hatutafuti kitu?"
Faida si dhambi, nikamwambia.
Ziada ikibaki, inabaki ndani,
inanunua uzi, inanunua cherehani ya tatu.
Kinachokatazwa ni kuigawana mlangoni
kama nyama ya matanga.
Mshahara wa kazi yako utaupata. Gawio, hapana.
Akasema gawio hajawahi kuliona hata huko nje,
akaokota sindano.

Ukurasa wa tatu: "msamaha wa kodi".
Hapo wote waliinua vichwa.
"Msamaha? Tumemkosea nani?"
Ni M'Rubasha huyo, ambaye kila asubuhi soko la Nyawera
hulipa tikiti ya meza, tikiti ya usafi
wa taka ambazo hakuna aliyeziondoa,
na tikiti ya tatu isiyo na mhuri.
"Wangetuomba wao."
Si kosa linalosamehewa, nikaeleza, ni mzigo unaopunguzwa,
nao hautui wenyewe kutoka kichwani: unaombwa kwa barua,
barua inamsubiri waziri, waziri anasubiri sijui nini.
Tena si kodi zote. Mlinzi wetu Bisimwa,
tukimlipa, kipande cha mshahara wake tutakizuia
na kukipeleka wenyewe.
"Tunasamehewa na papo hapo tunatozwa."
Hatutozwi sisi, tunabeba cha mwenzetu.
Nilijisikia nikisema hivyo,
nikajua nimeanza kuharibika.

"Utu wa kisheria".
Hili nililitafuna wiki nzima kabla ya kulileta.
Maana yake, mama zangu, tukishatia vidole
na notari akagonga mhuri,
atazaliwa mtu.
Hana kitovu. Hanyonyi.
Lakini ana jina, ana anwani, anaweza kukopa,
kushtaki, kushtakiwa,
kumiliki kiwanja.
M'Mugisho, ambaye kitambulisho chake kiliungua na nyumba
na tangu hapo kila kizuizi humuuliza yeye ni nani,
akaniangalia muda mrefu.
"Kidole changu mimi, kimfanye yeye kuwa mtu?"
Ndiyo, mama. Mashahidi wawili watasema wanakujua.
"Haya," akasema. Hakuongeza.

Ukurasa wa tisa nilitaka kuuruka.
"Kuvunjwa kwa shirika": nani husoma kifo cha mtoto
siku ya kuzaliwa kwake?
Cibalonza akasema, soma.
Madeni yatalipwa kwanza. Mali itakayosalia
haitakwenda kwa mwanachama yeyote,
wala warithi wake, wala ndugu wa mwanachama;
itapewa shirika jingine lenye lengo kama letu.

Mvua ilikuwa imepungua. Wajane kumi na mmoja,
na kila mmoja ana kitanda anachokikumbuka
kikishuka mlima kichwani kwa mtu mwingine
kabla ya matanga kuisha.

"Rudia," akasema Nsimire, "hapo pa ndugu."
Nikarudia.
"Kwa hiyo huyu, hata akifa,
hakuna shemeji atakayekuja na kufuli."
Hakuna.
"Wala wifi kuhesabu sufuria."
Wala.

M'Mugisho ndiye aliyevuta kidau.
Akachovya kidole gumba, akabonyeza
mpaka meza ikalia.
Kisha akauliza kama shirika, kwa kuwa sasa ni mtu,
linaweza kumwoa mjane.

Nilipekua kurasa zote tisa.
Katiba haikusema.