Maili Saba Mezani

Jengo letu la Michenzani watu huliita treni:
refu, madirisha mfululizo, halijawahi kuondoka.
Ghorofa ya tano, mlango wa kushoto,
ndimo ninamojenga treni nyingine, ya Bububu.

Reli ni mbavu za miavuli iliyokufa masika,
nimezinyoosha kwa koleo, ubavu kwa ubavu.
Mataruma ni vijiti vya mishikaki vya kuokota Forodhani.
Nimekata mia tisa na arubaini, kisha nikaacha kuhesabu.
Kokoto nilichekecha kwa kichujio cha chai,
na Zuwena alipokunywa chai yenye mchanga
hakusema neno. Kesho yake alinunua vichujio viwili,
kimoja akakifunga uzi mwekundu:
chako hiki.

Mikarafuu ni dodoki, nimelikatakata nikalichovya kijani.
Karafuu yenyewe, ile kavu, ni kubwa mno kwa mti wake,
basi nimeisimamisha kando ya njia, kichwa juu,
imekuwa taa ya barabarani,
na Malindi yote inanukia pilau.

Abiria walikuwa punje za mchele.
Niliwavisha kanzu kwa unywele mmoja wa brashi.
Usiku wa kuamkia Ijumaa sisimizi wakaja,
wakashusha watu watatu wa daraja la pili,
wakawapitisha Saateni bila tikiti
na kuingia nao ufa wa ukuta.
Siku hizi abiria nawachonga kwa njiti za kiberiti.

Maili saba hazikai mezani.
Ilinibidi nikate. Mtoni nimeikaza,
Kibweni nimeikunja kwenye kona,
Gulioni nikairuka kabisa. Nani angejua?
Bi Raya wa chini yetu alipanda kufuata bakuli lake,
akainama, miwani puani,
akaiandama njia kwa kidole tangu Ngome Kongwe.
Kidole kikasita.
"Kwetu hakupo."
Basi. Akachukua bakuli, akashuka.
Usiku ule niling'oa shubiri tatu za kazi ya mwezi mzima,
nikaweka ukuta mmoja, mlango mmoja,
na kizingiti kilicho karibu na reli
kiasi cha mtu kukwaruzwa kiwiko.

La rangi ndilo linaloninyima usingizi.
Picha niliyo nayo haina rangi:
mabehewa ya kijivu, watu wa kijivu, minazi ya kijivu.
Nimeuliza. Mmoja kaniapia kijani,
mwengine kasema hudhurungi, kama ugoro, yakhe, kama ugoro!
Wote wawili wamezaliwa reli ishang'olewa.
Behewa moja nimelipaka la huyu, moja la yule.
La tatu nimeliacha bati tupu.
Nikipita na kikombe changu
ndilo ninaloliangalia.

Jana tuliiwasha.
Mota ya redio ya kaseti, ndani ya ganda la betri ya tochi.
Mjukuu wangu Nassib ndiye aliyeshika swichi.
Ikaondoka Ngome kwa kusitasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
ikapita taa zangu za karafuu,
na kabla ya kutoka Malindi umeme ukakatika.

Miaka thelathini na mmoja nimesoma mita za watu.
Naijua sauti hiyo: friji kwanza, halafu feni,
halafu jengo zima, aaa! behewa hadi behewa.
Nikapapasa kutafuta tochi,
nikakumbuka betri zake nilizifanya nini.

Nassib hakungoja.
Akaweka kidole nyuma ya behewa la bati,
akasukuma, na kwa mdomo wake: bu, bu, bu.
(Wako wasemao jina hilo ni la chemchemi,
maji yakichemka kutoka ardhini.
Katika giza lile sikuwa na hoja.)
Bu, bu, bu, juu ya mataruma ya mishikaki,
mpaka chini yetu ufagio ukagonga dari
mara tatu.

Treni ikasimama.
Nikanyoosha mkono, nikapapasa ukuta, mlango, kizingiti.
"Babu, tulia," akasema Nassib.
"Kuna mtu anashuka."