Kabula wa Ukutani

Filamu hazikuja Mwanza kwa mpangilio.
Zilikuja kama barua za mlevi,
ya mwisho kwanza,
katika mikebe iliyobonyea,
kwa treni ya Tabora, pamoja na saruji
na cherehani za Bwana Ratansi, mwenye sinema.

Ndiyo maana Verona Lithi tulimpokea akiwa mzee.
Mama mkwe, jikoni, na miwani,
maneno manane katika filamu nzima,
manne kati yake: Fungeni mlango, baridi inaingia.
Baba alitafsiri kwa sauti kutoka dirisha la mashine.
Igogo yote ikacheka.
Baridi ipi, na bati linawaka?

Mwaka uliofuata, watu wameuza pamba,
akarudi ana miaka arobaini,
ameachika, anaimba kwenye baa yenye moshi
mbele ya wanaume wanaohesabu chenji.
Usiku huo mvua ilipiga paa. Hatukusikia kitu,
tuliuona mdomo tu.
Nshoma, muuza karanga wa mlangoni,
akampa jina: Kabula, mtoto wa mvua.
Verona akabaki Holiwudi.
Kabula akahamia Mabatini.

Kila mkebe ukamvua miaka.
Nywele zikarudi nyeusi. Kiuno kikarudi.
Talaka ikageuka harusi, harusi ikageuka posa,
na bwana harusi alipopiga goti
tukamzomea: Wewe tunakujua!

Baba, Lusato Magesa, hakuzomea.
Kazi yake ilikuwa kutazama kinachokosea.
Katika ile filamu kubwa, ya rangi,
ya ngazi mia na wapiga tarumbeta,
aliona midomo inachelewa
kwa kiasi cha kupepesa kope.
"Sauti si yake," aliniambia
nikizungusha filamu kuirudisha mwanzo.
"Wamemwazimia. Yuko mwanamke mwingine
nyuma ya ukuta, analipwa kwa siku."
Nilikwenda kuchungulia nyuma ya ukuta wetu.
Palikuwa na mbuzi, na jiwe.

Gazeti tulilipata limefungia dagaa wa Kirumba.
Alikuwa amekufa. Si juzi.
Alikufa kabla ya mkebe wa kwanza,
kabla hatujaicheka baridi yake.
Mkataba wa miaka saba. Vidonge vya kulala,
vingine vya kuamka. Studio iliyompa jina
na kumng'oa meno mawili yaliyopishana.
Waume watatu, nyumba ikaenda mnadani.
Na sauti, liliandika gazeti hapo penye mafuta ya samaki,
ilimkatika akiwa na thelathini,
asimwambie mtu.

Baba akasoma mara mbili. Akala dagaa.
Akalikunja gazeti, akalisukuma
chini ya ule mguu wa mashine uliokuwa unapwaya.

Jumamosi ukaja mkebe wa mwisho, yaani wa kwanza.
Miaka kumi na sita. Meno yale yapo,
moja limemwegemea mwenzake.
Makuli wa bandarini wamejaa hadi ngazini.
"Baba, utawaambia?"
"Niwaambie nini? Mtoto kazaliwa leo."

Akafungua mdomo, na hiyo ilikuwa yake kweli,
sauti nyembamba, inapanda kwa kuyumba
kama ndoo ya kisima inayovutwa na mtoto,
maji yakimwagika njiani.
Nshoma aliziachia karanga zikatawanyika.

Ndipo wadudu wa ziwa wakaingia, wingu zima,
wakaufuata mwanga mpaka kwenye taa,
harufu ya ugali uliokauka sufuriani,
na filamu ikakatika katikati ya neno.

Baba aliiunga kwa gundi.
Vipande viwili vilivyoharibika alivikata.
Kimoja ninacho, kwenye kopo la dawa ya viatu.
Nikikiinua dirishani, upande wa ziwa, namwona:
msichana, mdomo wazi,
na nukta nyeusi penye mdomo wa chini.
Miaka hamsini sasa sijaamua
kama ni lile neno linatoka
au ni mdudu.