Machi, Kaeni Chini

Usiku wa kuamkia mkutano nilikuwa na kurasa arobaini na tatu:
nguzo za buluu, duara lililokatwa kama keki,
mshale mwekundu unaoshuka, nikaupaka rangi ya chungwa
usije ukamtisha mkurugenzi.
Na ule mhimili wa wima, hili nalikiri,
niliurefusha hadi laki moja
ili anguko letu lionekane kijiteremko tu.

Saa nane za usiku, upepo wa Klaipėda unagonga dirisha
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho.
Nikachungulia barabarani: mtu anapigana na mwavuli.
Wetu. Niliujua kwa mpini wake wa kijani.
Ukapinduka. Akautumbukiza kwenye pipa la taka
akaenda zake kichwa wazi, hakugeuka.

Huyu yumo ukurasa wa ngapi?

Asubuhi, ghorofa ya tatu, watu kumi na mmoja,
kope zimeshalegea kabla sijasema neno.
Vaidotas, mkurugenzi, anamega mkate mweusi.
Skirmantė wa mauzo ana simu chini ya meza.
Danguolė wa jikoni akaingia na sinia la chai.
"Usitoke," nikamwambia, "uwe wa kumi na mbili."

Sikuwasha projekta.
"Simameni. Kila mmoja wenu ni wateja elfu moja.
Hii ni Januari. Tazamaneni. Hivi ndivyo tulivyokuwa."
Viti vikakwaruza sakafu. Mtu akacheka kwa pua.
"Machi. Ninyi watatu wa mlangoni, kaeni chini:
chuma kilishika kutu kabla theluji haijayeyuka.
Juni. Eimantas, na wewe Jogailė:
mpini ulichomoka, mkabaki nao mkononi.
Septemba."
Hapo nikanyamaza. Upepo ulijisemea wenyewe.
"Watano."
Wakaketi mmoja mmoja
kama watu wanaopokea habari ya msiba.

Hakuna aliyesinzia. Takwimu zilikuwa na magoti.

Wakabaki wawili: Vaidotas,
na Danguolė na sinia lake tupu.
"Mimi nimebaki kwa nini?" mkurugenzi akauliza, karibu kwa fahari.
"Kwa sababu wewe hupewa bure. Na una gari."
Nikasikia kijiko cha mtu kikitua kwenye kisahani.

Mpango wangu uliishia hapo. Danguolė sikumwandalia neno;
kwenye jedwali yeye ni mteja mwaminifu, miaka kumi na tisa,
kisanduku cha kijani, asilimia ya kujivunia.
"Na wewe, mama?"
Akatoka, akarudi na mwavuli wake, akaufungua mle mle ndani
(Skirmantė akaguna: nuksi hiyo).
Kila ubavu umeshonwa upya kwa mshipi wa kuvulia samaki.
"Nashona kila Oktoba," akasema.
"Nilidhani wote hufanya hivi."

Uaminifu! Kumbe ni sindano.

Eimantas, aliyekaa tangu Juni, akainua mkono:
"Mke wangu siku hizi hununua wa Kipolandi."
Kisha Jogailė. Kisha wale wa mlangoni, kwa pamoja, wakikatizana.
Walioondoka ndio waliokuwa na maneno.
Zile kurasa arobaini na tatu zilikuwa mfukoni mwangu,
kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Vaidotas alikuwa bado amesimama,
makombo ya mkate kifuani,
akipitisha kidole kwenye mshono, ubavu kwa ubavu,
midomo ikicheza kama ya anayehesabu.
"Naruhusiwa kukaa?"
Danguolė akanyoosha mkono.
"Kwanza nipe kikombe."