Daraja Ambalo Sikulivuka

Tulitoka Gongoni saa saba na robo usiku,
tani ishirini na nane za chumvi chini ya turubai,
na Ngumbao, utingo wangu, akimenya machungwa,
akinisimulia jinsi shangazi yake
alivyomshitaki jogoo wa jirani kwa chifu.
Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.
Nakumbuka Mambrui: taa moja ya kijani,
tuta la kwanza, tuta la pili,
mbuzi aliyelala juu ya lami kana kwamba anailipia kodi.

Halafu nakumbuka Malindi.

Katikati hapo hamna kitu.
Si giza, maana giza ningelikumbuka.
Daraja la Sabaki, urefu wake wote,
mto ukibeba udongo mwekundu wa bara,
viungo vya daraja vikilia chini ya tairi, gu-du, gu-du,
sikulivuka.
Lori lilivuka. Chumvi ilivuka.
Ngumbao alivuka, kidevu kifuani, ganda la chungwa mkononi.
Nani alikuwa ameshika usukani?

Macho yangu yalikuwa wazi, nadhani.
Hilo ndilo linalonitisha.
Miaka kumi na tisa nilidhani usingizi hubisha hodi:
miayo, shingo nzito, mchanga machoni,
nami nina majibu yangu kwa mgeni huyo,
miraa shavuni, kahawa chungu, dirisha wazi,
makofi mawili ya uso, redio hadi mwisho.
Huyu wa Sabaki hakubisha.
Alikuwa na ufunguo wake.

Nikaegesha kwenye kituo cha mafuta, nikashuka na tochi,
nikalizunguka gari kama nifanyavyo kila alfajiri:
tairi, nati, hozi za breki, kamba za turubai.
Vyote salama. Ila kioo cha kushoto
kimelala nyuma kama sikio la punda aliyekasirika,
na mgongoni mwake mchirizi wa rangi nyeupe,
rangi ya vyuma vya daraja,
upana wake ukucha.

Ukucha mmoja.
Kuanzia hapo hadi majini sijui ni kiasi gani.
Sijauliza.

Saa nane na nusu tajiri akapiga simu.
"Uko wapi, Thoya? Mariakani wanangoja."
"Malindi. Nalala."
"Gari lina nini?"
"Gari halina kitu. Mbovu ni mimi."
Akanyamaza. Nikasikia feni ya chumba chake ikizunguka,
shuka likivutwa.
Alikuwa kitandani, bwana yule.

Mizani ya barabarani hupima chumvi.
Ekseli ikizidi kidogo tu, faini.
Lakini nimewahi kupanda pale na usiku tatu za kukesha,
zimenilalia mabegani kuliko mzigo,
na sindano haikutikisika.
Karani akanipa risiti, akanitakia safari njema.

Wanasema ajali haina kinga.
Hata mimi nimesema, matangani kwa Nzaro,
nimeshika mkono wa mjane wake, sina neno jingine.
Basi nalirudisha neno lile, Mama Umazi, unisamehe.
Kinga ilikuwepo ndani ya gari la mumeo, kama ilivyo ndani ya langu:
godoro la inchi tatu nyuma ya kiti,
tumelibebesha spana, jeki
na kreti tupu ya soda.

Nikaiondoa jeki. Nikaondoa spana na kreti.
Nikalala.

Kulipokucha Ngumbao alikiona kioo.
"Hiki kimegongwa wapi?"
Ningeweza kusema tawi. Tawi lingetosha.
Nikamweleza.
Hakula chungwa hata moja hadi tulipopita Gede,
hakusema hadi Mida, kisha akakohoa:
"Basi yule jogoo, chifu akaamuru aletwe..."

Siku hizi, kila daraja, dogo kubwa,
hata kalvati lisilo na jina,
kijana huyo huacha hadithi katikati ya neno.
"Hili unaliona?"
"Naliona."
"Sema lina rangi gani."
Nami namwambia rangi,
huku gu-du, gu-du ikinipanda miguuni,
moja moja, nikizihesabu.