Breki ya Pili

Muthoka amelala. Padi bado ina joto la viganja vyake.
Nakaa. Saa nne na nusu, Buruburu awamu ya tatu,
mbwa wa jirani amenyamaza, stima haijapotea.
Mchana kutwa nimefundisha watu kuachia klachi polepole
ndani ya Probox yenye vibao viwili vya L,
na sasa gemu linanipa gari jekundu nisilolijua hata jina,
linaniambia: nenda.

Nenda wapi? Popote.
Hapo ndipo liliponishika, sikatai.
Hakuna askari, hakuna matuta, hakuna mzunguko wa Donholm saa kumi na moja jioni.
Nikiona mlima, naupanda.
Mvua ikinyesha, lami inateleza macho kama mgongo wa kambare,
na ndani ya handaki injini inabadili sauti.
Aliyeitengeneza sauti hiyo, popote alipo,
nina hakika aliwahi kuzima redio ili alisikilize gari lake.

Lakini.

Nilitafuta indiketa. Nikabonya kila kitufe:
nikapiga honi, nikabadili kamera, nikafungua ramani
iliyojaa alama kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga.
Indiketa hakuna.
Dunia nzima wameijenga, hadi theluji wameiweka,
na hakuna aliyekumbuka kwamba mkata kona
ana deni kwa aliye nyuma yake.

Mafuta hayaishi. Navunja ua wa mtu, napewa pointi.
Madirisha yanawaka, nyumba hazina milango;
niliegesha mbele ya moja nikangoja mtu atoke,
dakika tano nzima, mama mtu mzima.
Na mashindano, baada ya wiki, ni yale yale
yamebadilishwa shati tu.

Sempeyo, mwanafunzi wangu wa Jumanne,
anajua kuyumbisha gari konani kwa breki ya mkono.
Kurudi nyuma kati ya mapipa mawili, hawezi.
Juzi, karibu na soko la Mutindwa,
mkokoteni wa mboga ukachomoza,
naye hakukanyaga chochote.
Kidole gumba chake kilibonya usukani.
Nilikijua alichokitafuta: kile kitufe
kinachorudisha sekunde kumi,
gari likainuka mtaroni, kioo kikajishona,
kosa likawa halijazaliwa.

Niliyekanyaga ni mimi. Upande wangu kuna breki ya pili.
Sukuma zilimwagika; tuliokota sote watatu,
mwenye mkokoteni akitutukana kwa utaratibu,
shada kwa shada.

Na usiku huu mwendo wangu ni mia mbili na themanini,
kona inakuja, nyuma yake ukuta,
na mguu wangu wa kulia unakanyaga zulia la sebuleni
mara mbili, kwa nguvu zote.

Gari linaenda tu.

Kesho saa mbili asubuhi nina somo.
Nabonya kitufe. Ukuta unarudi mbali.
Nabonya tena.