Chini ya Watatu

Jina langu ni Gobnait.
Usiliharakishe. Tamka Gob, kisha nit,
na ile t ya mwisho iwe laini,
kama jino linapogusa tofaa
kabla tofaa halijakubali.

Januari Sadhbh, mpwa wangu, alinipigia simu kutoka Cork,
mimba ya miezi minane, mgongo unamuuma:
Shangazi, jina lako maana yake nini?
Nikajua anachokizunguka.
Nikamwambia subiri, maziwa yanafurika.
Hayakuwa yanafurika. Nilitaka kukaa kitako.

Maana yake wanabishania, Sadhbh.
Bibi alishikilia kuwa mna mhunzi ndani,
mtu wa nyundo na fuawe,
ila huyu ni mwanamke, mdogo, ana masizi mashavuni.
Padri Ó Loinsigh alisema ni mdomo tu, mdomo wa ndege.
Shuleni hawakumngoja padri:
We Mdomo! Mdomo, njoo hapa!
Mwalimu, kwa huruma yake, akaniandika Debora.
Ni nyuki kwa Kiebrania, alisema, na mtakatifu wako ni wa nyuki,
basi ni yule yule.
Miaka saba niliitikia nyuki wa watu wengine.

Asili yake ni huyo mtakatifu.
Malaika alimwambia: tembea, usisimame
mpaka uone ayala weupe tisa wakila majani.
Akaona watatu. Akapita.
Akaona sita. Akapita.
Baile Bhuirne, kwenye kilima chenye matope yale yale ya leo,
akaona tisa, akavua viatu.
(Kama alikuwa navyo. Hapo nimeongeza mimi.)
Wezi walipokuja kuswaga ng'ombe, aliwafungulia nyuki.
Hapo ndipo nilipopapenda, nikiwa na miaka minane,
nikiwatazama wavulana wa darasa mstari kwa mstari
na kumgawia kila mmoja nyuki wake.

Umaarufu, sasa. Hapo hesabu inarudi kinyumenyume.
Mama yangu alipobatizwa, parokiani walikuwa tisa:
Gobnait wa Kinuni, Gobnait Mwekundu, Gobnait wa Pádraig,
na wawili wa nyumba moja, mtu na wifi yake,
ukiita mlangoni wanatoka wote, na mbwa.
Nilipobatizwa mimi, sita.
Nilipoanza kazi ya kupima maziwa kiwandani, watatu,
na mmoja wao alikuwa ameshalisahau jina lake.

Mwaka jana nilimwendea karani wa vizazi,
kijana mstaarabu, ana hereni. Akatafuta, akajikuna shingo.
"Jina likiwa na watoto chini ya watatu, hatulichapishi."
Kwa hiyo wapo wawili?
"Labda."
Au mmoja?
"Labda, mama."
Au hakuna?
Akafunga droo polepole, isije ikapiga kelele.

Nikarudi na hiyo labda ndani ya basi la saa kumi,
nimeishika kama yai.

Basi usimpe, Sadhbh.
Benki watamkosea, uwanja wa ndege watamkosea,
atalitaja herufi kwa herufi mpaka azeeke.
Mpe Fiadh. Wamejaa kila chekechea,
na ukilichimba utamkuta ayala humo pia.

Alinyamaza. Nikasikia anatafuna kitu.
"Likiitwa kwa mbali, Shangazi, linasikikaje?"
Ikabidi nifikiri. Hakuna aliyeniita kwa mbali
tangu kaka yangu, baba yake, afariki.
"Gob inafika," nikasema. "Nit inabaki mlimani."

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, ujumbe:
kilo tatu na robo,
picha ya ngumi nyekundu, chuma kilichotoka motoni sasa hivi,
na chini yake jina. Herufi mbili zimebadilishana nafasi.
Sikumsahihisha.

Kwetu nyuki huambiwa habari za nyumba,
aliyekufa, aliyezaliwa, wasije wakasusa.
Nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia,
nikagonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo wa mlango.
"Yupo mwingine," nikawaambia.

Ilikuwa Februari, hawakutoka.
Nikaweka sikio kwenye ubao.
Ubao ulikuwa na joto.