Dirisha la Sahani

Barua ya zabuni ilisema watu arobaini,
siku mbili, chai saa nne, chakula saa saba.
Juu ya mlango wa ukumbi, kitambaa:
LISHE NA MAGONJWA YASIYOAMBUKIZA.
Chini ya barua, kwa kalamu ya bluu:
maandazi, sambusa, chipsi, kuku wa kukaanga,
soda kreti nne,
na soda tena.
Nikaikunja, nikaitia kwenye sidiria
pamoja na kadi yangu ya kliniki.

Miye Nyamizi binti Mihambo, wa Isevya, Tabora,
mgonjwa wa sukari mwaka wa sita.
Kidole changu kimetobolewa
hadi kimesahau kuuma.

Kutoka dirisha la kupitishia sahani nasikia yote.
Mtaalamu anaonyesha ukutani mguu usio na vidole.
Anasema, wananchi hawana elimu.
Nageuza andazi.
Anasema, wananchi wanapenda vitamu.
Nageuza lingine.

Sina haja ya kumtetea mwananchi, namjua, ndiye mimi.
Ila marehemu mama alitulea kwa matobolwa na karanga,
ugali wa mtama, nsansa za kunde,
akafa na miaka themanini na saba, na meno yake.
Shamba lile la Urambo kaka akalipanda tumbaku.
Pesa ikaja, mara moja kwa mwaka,
ikanunua sembe nyeupe kama chokaa
na soda ya wageni,
na sisi wenyewe tukajifanya wageni.

Siku ya pili nikajitia ujuba.
Sinia moja tu, pembeni mwa sambusa:
matobolwa yaliyochemka, karanga za kutwanga juu.
Bwana Mwakatobe wa fedha akainama, akanusa.
“Haya yameandikwa wapi?”
Hayana risiti, nikasema, yametoka kwa shangazi.
“Basi yarudishe. Mkaguzi nitamjibu nini?”

Saa nane muuguzi akaleta kimashine.
Tuanze na sisi wenyewe, akasema,
wakanyoosha vidole wakicheka.
Kicheko kikatembea meza ya kwanza, ya pili.
Ya tatu kikakaa.
Namba sikuiona.
Nilimwona Bwana Mwakatobe akiisukuma soda yake
polepole, kwa kidole kimoja, chenye pamba,
hadi ikawa ya jirani.

Jioni nasugua masufuria, mlango ukagongwa.
Hana koti. Tai iko mfukoni.
“Mama, yale ya shangazi… yamebaki?”
Sikumwambia ni dawa. Hata kiazi kina sukari yake,
chakula ni kipimo, ndivyo nilivyofundishwa kliniki.
Nikamfungia machache katika karatasi iliyotupwa,
azimio namba nne: wananchi waelimishwe.
Akala amesimama kando ya ndoo ya maji machafu,
akatafuna muda mrefu, kama anayehesabu.

Kisha akatoa kalamu, ile ile ya bluu.
“Semina ijayo ni Machi,” akasema.
“Haya yanaandikwaje?”

Nikafuta mikono kwenye kanga,
nikamtajia, herufi moja moja.